Reli ya Sigi iliishia chini ya mlima: uchambuzi wa safari moja ya baiskeli, Muheza hadi Amani

Kisa chenyewe kiko hivi. Watu watano, baiskeli tano tofauti, tunatoka Muheza asubuhi kwenda Amani, juu kwenye milima ya Usambara Mashariki, afu turudi Muheza jioni ileile. Kwenye ramani ni kilomita thelathini na kitu kwenda na hizohizo kurudi, na kwa watu waliozoea kupiga Tanga–Pangani wikiendi hiyo namba haimtishi mtu. Kaka aliyechora mpango alikuwa na hoja moja kubwa, kwamba njia hii inafuata reli ya zamani ya Mjerumani, ile ya Sigi, na reli haipandi mlima mkali, kwa hiyo tutapanda mdogomdogo bila kujua mpaka tujikute Amani tunakunywa chai. Waliofika Amani wakikanyaga pedeli walikuwa wawili. Mmoja alifika anasukuma. Wawili waliishia Sigi. Na kushuka ndo kulikuwa na hatari kuliko kupanda, nitafika huko.

Naandika kwa urefu kwa sababu hii njia naipenda sana, na naona kabisa watu wenye baiskeli za graveli (zile za njia za changarawe) wanaanza kuulizia njia za huku milimani, sasa wakija na ile hoja ya "reli haipandi" bila kuichambua wataumia, au watarudi mjini wakisema Amani hapaendeki kwa baiskeli, na hiyo sio kweli hata kidogo. Panaendeka. Ila zile kilomita thelathini na kitu ni safari mbili zilizounganishwa, na mahali zinapoungana ni palepale reli ilipoishia.

Tuanze na reli yenyewe maana ndo msingi wa kila kitu. Reli kubwa ya Tanga ilianza kujengwa 1893, ikafika Muheza 1896, Mombo 1905, Moshi 1911. Hiyo ni geji (upana kati ya vyuma viwili vya reli) ya mita moja, na bado ni hai, treni za mizigo zilirudi 2019 baada ya kulala miaka mingi, kwa hiyo kama kuna mtu anafikiria kupita na baiskeli katikati ya mataruma kutoka Tanga mpaka Muheza naomba aifute hiyo kichwani, ile sio reli ya zamani, ni reli. Ninayoizungumzia mimi ni tawi. Karibu na Muheza, pale Tengeni, kulichomoza reli ndogo ya geji ya milimita 750 ikaingia ndani kuelekea mlimani, kama kilomita 24 hivi mpaka Sigi. Ilijengwa miaka ya mwanzo ya 1900 na sababu yake kubwa ni mbao. Msitu wa juu ulikuwa na miti mikubwa, Tanga kuna bandari, katikati palihitajika njia ya kubebea. Na juu zaidi kulikuwa na Amani, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo mwaka 1902, wakapanda mimea ya kutoka kila pembe ya dunia, mpaka mti wa kwinini ukalimwa pale, na vita kuu ya kwanza ilipowafungia bahari ile kwinini ya Amani ikawa msaada mkubwa kwa askari wao dhidi ya malaria.

Reli zenyewe ziling'olewa zamani. Kilichobaki ni alama: tuta hapa, kilima kilichokatwa pale, na Sigi kwenyewe nyumba ya mkuu wa stesheni, ambayo ilikarabatiwa na sasa ni kituo cha taarifa cha Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani.

Sasa kwa nini reli ina maana kwa mwendesha baiskeli? Gurudumu la chuma juu ya chuma linaviringika kirahisi sana, ndo maana treni inaweza kuvuta mzigo mzito kwenye tambarare kwa nguvu ndogo, lakini pia linashika kidogo sana, ukiinua njia kidogo tu linaanza kuteleza palepale. Reli kubwa za kawaida mwinuko wa asilimia 2 au 2.5 tayari ni shughuli, yani kila mita 100 unazokwenda unapanda mita mbili na nusu. Reli nyembamba zenye treni nyepesi zinaweza kwenda mpaka asilimia 4 na zinakunja kona kali zaidi, ndo sababu walichagua ile geji ya 750, kwenye vilima vile geji kubwa ingetaka kubomoa mlima. Na pale ambapo hata hivyo haikutosha waliweka zigizaga: treni inapanda mpaka mwisho wa kipande, inasimama, inabadilishiwa njia, afu inapanda kipande kinachofuata kinyumenyume. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini ukisikia "njia ya reli ya zamani" mwili unafurahi. Injinia wa reli alishakufanyia kazi yote, kakutafutia mwinuko mdogo kuliko wote unaopatikana kwenye kile kilima.

Lakini angalia namba. Muheza iko kama mita 200 juu ya usawa wa bahari. Sigi iko kama 450. Kwa hiyo kwenye kilomita 24 au 25 unapanda mita 250 tu ukilinganisha mwanzo na mwisho, wastani wa asilimia 1. Afu kutoka Sigi mpaka Amani ni kilomita kama saba tu, na Amani iko mita 900 na zaidi. Mita 450 kwenye kilomita saba. Hiyo ni zaidi ya asilimia 6, wastani, na wastani maana yake kuna vipande vya asilimia 3 na kuna vya asilimia 10 na zaidi kwenye kona. Ndo kusema robo ya mwisho ya njia ina mlima karibu mara mbili ya robo tatu zote za mwanzo. Kwenye mpango wetu haya yote yalikuwa yamechanganywa, "kilomita thelathini na kitu, mita 700 za kupanda", na ukigawa hivyo unapata asilimia 2 na ushee, namba nzuri ambayo haipo mahali popote barabarani.

Reli iliishia Sigi kwa sababu hiyo. Kampuni ya mbao haikuwa na haja ya kupambana na ule ukuta, magogo yaliteremshwa yakapakiwa chini. Watu na mizigo ya kwenda Amani iliendelea kwa barabara, na barabara haina ile adabu ya reli, inakata kona inapanda.

Turudi kwenye safari. Wakati huo njia yote ni vumbi, mwezi wa pili, kiangazi, anga jeupe. Tulitoka Muheza saa moja kasoro baada ya kunywa chai na mihogo ya kukaanga, na kilomita za mwanzo ni raha ambayo siwezi kuielezea vya kutosha: mashamba ya michungwa kushoto kulia (Muheza na machungwa tena, wanaojua wanajua), minazi, nyumba za udongo zenye bati, watoto wa shule wanakimbia na wewe mita mia wanapiga kelele, vilima vifupi vya kupanda na kushuka ambavyo unavimaliza kwa nguvu uliyotoka nayo kwenye mteremko uliopita. Changarawe imekaa vizuri, ukipita kwenye mstari wa tairi za gari unakwenda kilomita 18, 20 kwa saa bila kuhema. Dada mmoja kati yetu alikuwa na baiskeli ya mlimani ya mtumba, tairi nene, gia ndogo mbele, na alikuwa wa mwisho muda wote huu, mpaka wenzake wawili wenye baiskeli nyepesi wakaanza kumsubiri kila kijiji. Mkumbuke huyu dada.

Kijiji cha Kisiwani tulisimama kwenye kibanda cha chai. Alikuwepo mzee mmoja amekaa na bakora, tukamwamkia shikamoo babu, marahaba, mwatoka wapi wajukuu zangu, mwaenda wapi na vibaiskeli hivyo. Tulipotaja reli akanyanyuka. Alitupeleka nyuma ya nyumba kama hatua hamsini akanyoosha bakora, na baada ya sekunde chache jicho likazoea nikaiona: ubavu wa kilima una kistari kilicholala, upana kama wa kitanda kwa urefu, kimepandwa mihogo na migomba, kinazunguka kilima taratibu mpaka kinapotelea kwenye vichaka, wakati barabara tuliyojia sisi inakipanda kilima hichohicho moja kwa moja na kushuka upande wa pili. Mle ndo treni ilikuwa inapita, alisema, baba yake ndo alimwonyesha. Udongo wa pale ulikuwa umeshindiliwa tofauti, ukipiga kisigino unasikia mawe chini.

Hapo ndo lile neno "inafuata reli" linahitaji kusahihishwa. Barabara ya leo inakwenda kule reli ilikokwenda, bonde ni hilohilo, vijiji ni vilevile, lakini haipiti juu ya tuta la reli. Kuna sehemu zinakaribiana na kuna sehemu zinaachana kabisa, reli inazunguka kilima barabara inakipanda. Wenzetu waliobahatika kugeuza reli kuwa njia za baiskeli walifanya kitu tofauti. Marekani kuna Great Allegheny Passage kutoka Pittsburgh mpaka Cumberland, kilomita kama 240, sehemu kubwa imelazwa juu ya tuta lenyewe la reli, madaraja yaleyale, mahandaki yaleyale, ilikamilika 2013, na inavuka milima ya Allegheny bila mwinuko wake kuzidi asilimia 2. Pale ukisema reli haipandi unasema kweli. Sigi hatuna hiyo. Tuta limegeuka mashamba ya watu, lina wenyewe, na sio sahihi kupitisha baiskeli kwenye mihogo ya mtu kisa babu yake Mjerumani alipitisha treni.

Tulifika Sigi kama saa tatu na nusu. Kuna geti la hifadhi, unalipa tozo ya kuingia, Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni, unaandika jina kwenye kitabu. Na ukisimama pale mbele ya nyumba ya stesheni unaona kitu ambacho ramani haikuonyeshi, kwamba bonde limeisha. Mbele ni msitu umesimama. Mto unasikika chini kwenye mawe, ni Zigi huohuo ambao maji yake yanashuka mpaka bwawa la Mabayani na kuingia kwenye mabomba ya Tanga mjini, kwa hiyo kila mtu wa Tanga kashakunywa huu msitu hata kama hajawahi kuuona.

Hapa ndo penye uamuzi, na kwangu hapa ndo moyo wa kisa chote. Tulikaa tukapima hali. Wawili walikuwa wamebakiwa na maji nusu chupa kila mmoja kwa sababu mpango ulisema kujaza maji Amani, na Amani ilikuwa "kilomita saba tu". Mmoja, kijana mwenye nguvu kuliko sisi wote, alikuwa na baiskeli ya lami aliyoibadilisha tairi, gia ya mbele ndogo kabisa meno 46 na nyuma kubwa kabisa meno 28. Mimi nilisema jambo moja, kwamba tuichukue hii sehemu kama safari mpya inayoanza upya, tule, tujaze maji, tukague breki, na anayeona leo amemaliza amalize hapa bila aibu, kuna njia za kutembea msituni, kuna kivuli, kuna mbega juu ya miti. Wawili walikubali kubaki. Kijana mwenye 46 kwa 28 alicheka tu akapanda baiskeli.

Nifanye hesabu yake hapa kwa sababu watu wengi wananunua baiskeli bila kuifanya. Meno 46 gawanya kwa 28 unapata 1.64, tairi lina mzunguko wa mita 2.15 hivi, kwa hiyo kila anapozungusha pedeli mara moja anasogea mita tatu na nusu. Ili azungushe mizunguko 60 kwa dakika, ambayo ni ya chini tayari kwa magoti, lazima aende karibu kilomita 12.7 kwa saa. Kwenye mwinuko wa asilimia 6 na nusu, changarawe, mtu na baiskeli kilo 85, hiyo inataka karibu wati 250 mfululizo kwa nusu saa na zaidi. Mtu wa mashindano anaziweza. Kijana wetu aliziweza dakika kumi. Baada ya hapo huwezi kupunguza mwendo bila kupunguza mizunguko, mizunguko ikishuka mpaka 40 tairi la nyuma linaanza kuteleza kwenye changarawe kila unaposukuma, unashuka, na ukishashuka kwenye kona ya asilimia 10 kupanda tena haiwezekani. Alisukuma mpaka juu.

Yule dada wa tairi nene alikuwa na gia ndogo ya meno 30 hivi mbele na nyuma ya meno 42, uwiano kama 0.71, mita moja na nusu kwa mzunguko. Kwa mizunguko ileile 60 anakwenda kilomita 5.5 kwa saa na anahitaji wati kama 110 tu, nguvu ambayo mtu wa kawaida mwenye afya anaweza kukaa nayo saa nzima na zaidi. Na ndo alichofanya. Alinipita kwenye kona ya pili au ya tatu, ananong'ona nyimbo zake, hakusimama, hakuhema kwa sauti, akafika Amani kabla yetu wote. Kule chini alikuwa wa mwisho kwa sababu gia zilezile zilikuwa hazimfikishi mbali, huku juu baiskeli ileile ikawa bora kuliko zote. Mpango unaosema "chukua baiskeli ya graveli" bila kusema gia ngapi haujasema kitu. Kwa Amani nasema hivi: kama gia yako nyepesi kabisa ni nzito kuliko moja kwa moja, yani mbele meno mengi kuliko nyuma, basi jipange kusukuma sehemu fulani na uweke muda wake kwenye ratiba.

Kuhusu tairi watu wanabishana sana mitandaoni, mimi sioni ubishi. Milimita 40 za upana zinatosha kutoka Muheza mpaka Sigi na kuna siku ningetaka hata nyembamba zaidi. Kutoka Sigi kwenda juu mawe yametokeza, kuna mifereji imechimbwa na maji katikati ya njia, 45 mpaka 50 ndo unaanza kuwa na amani. Tulitumia upepo wa psi 35 (kipimo cha presha ya tairi) chini na nikashusha mpaka 28 hivi pale Sigi, mimi ni kilo sabini na kidogo, na tofauti ni kubwa, tairi linalalia jiwe badala ya kulirukia.

Kupanda kwenyewe ni kuzuri jamani. Msitu unafunga juu, ubaridi unakuja ghafla, hondohondo wanapita mbawa zinavuma kabla hujawaona, na harufu inabadilika kila kona, mara majani yaliyooza, mara iliki na mdalasini kwenye mashamba ya watu karibu na vijiji, mara udongo tu. Bodaboda zinashuka na mikungu ya ndizi mitatu minne zimezima injini kuokoa mafuta, kwa hiyo huzisikii, hiyo iweke akilini, kaa upande wako kwenye kona hata kama ule mwingine ni laini. Na wanapita wenyeji na baiskeli zisizo na gia kabisa, wanasukuma kupanda wamepakia chumvi na sabuni, wanashuka wamepakia viungo, na kila mmoja anakusalimia.

Juu nitapita haraka. Kijiji, majengo ya zamani ya utafiti, bustani ya mimea, chai ya maziwa yenye iliki ambayo sijawahi kuinywa mahali pengine ikawa vile. Ukitaka kuendelea kuna Kwamkoro na Bulwa kwenye mashamba ya chai, barabara ya vilima vifupi kwenye kijani kitupu, hiyo ni siku nyingine nzima na inastahili siku yake.

Saa saba na nusu tukaanza kushuka, na hapo mvua. Ilikuwa kiangazi kule Muheza, vumbi kabisa, lakini Amani ina hali yake ya hewa, upepo wa bahari ukigonga ule mlima unapanda unapoa unamwaga, mwezi wowote. Udongo wa kule ni mwekundu wa mfinyanzi. Ukikauka unashika vizuri, ukilowa unateleza, na chini ya miti haukauki upesi kwa sababu jua halifiki. Dakika ishirini za mvua zikabadilisha njia nzima.

Tatizo likawa breki za yule kijana, raba za kubana kwenye rimu. Fikiria mtu na baiskeli kilo 85 wanateremka mita 450. Hiyo nishati yote lazima iende mahali, nyingine inaliwa na matairi kwenye changarawe, kidogo upepo, inayobaki inageuka joto kwenye breki, na inayobaki inatosha kuchemsha robo tatu ya lita ya maji kutoka ubaridi wa kawaida. Kwenye ukavu rimu ya alumini inalibeba hilo joto vizuri ukishuka kwa vipande. Matope mekundu yale ni msasa, kila unapobana raba inasagika, na katikati ya mteremko tuliona upande wa nyuma raba imekwisha chuma kinagusa rimu. Hakuanguka, namshukuru Mungu, alishuka kwenye baiskeli mapema na akatembea zilizobaki, amelowa, kimya. Mimi na dada tulikuwa na breki za diski na hata hizo zilikuwa zinapiga kelele chini.

Kwa hiyo alisukuma kupanda na akatembea kushuka, mtu mwenye mapafu na miguu kutuzidi wote. Tulifika Sigi saa kumi kasoro, wenzetu wawili wakiwa wameshatembea msituni wamerudi wanacheka, na Muheza tukaingia magharibi imeshaingia, kwa taa za simu kwenye hendeli. Kilomita za mwisho gizani kwenye barabara yenye bodaboda sio kitu cha kupanga tena.

Tukapanga upya, na mpango mpya tumeshautumia na watu wengine ukakaa vizuri. Siku mbili. Siku ya kwanza kutoka Muheza usikimbie, toka hata saa tatu, simama Kisiwani, ona alama za reli, fika Sigi mchana, kula kabisa, jaza maji lita mbili kila mtu, shusha upepo wa tairi, badili raba za breki kama zimebaki nusu, anza kupanda saa nane. Kwa mwendo wa kilomita tano na nusu kwa saa zile saba zinakuchukua saa moja na robo bila kusimama, weka saa mbili. Lala Amani. Siku ya pili asubuhi kabla hujashuka angalia njia, kama usiku kulinyesha subiri, nenda bustanini, tembea kilima cha Mbomole ukaangalie bonde, shuka udongo ukishavuta maji. Kuanzia Sigi kwenda Muheza ndo unarudi kwenye bonde la reli, wastani wa asilimia moja ya kushuka pamoja na vile vilima vifupi, na hapo mwenye gia nzito anafurahi kuliko wote. Na usiende mwezi wa tatu mwishoni mpaka wa tano, masika ya Usambara hayana mjadala.

Na anayetaka kufanya Muheza–Sigi–Muheza peke yake afanye, ni safari kamili, kilomita hamsini za vilima laini na historia, mtoto wa miaka kumi na mbili mwenye baiskeli nzuri anaiweza. Inaniuma watu wakiiona hiyo kama "kushindwa kufika Amani". Reli yenyewe ilikuwa inaishia pale na ilikuwa reli kamili.

Linalobaki ni alama. Yule mzee wa Kisiwani alionyeshwa na baba yake, sisi tulionyeshwa na yeye, na sijui kijana gani wa pale leo anaweza kukuonyesha. Tuta linalimwa kila msimu, mvua inabomoa, kalavati zinazibwa. Sisemi watu wafukuzwe kwenye mashamba yao, ila kuchora mstari kwenye ramani hakumwondoi mtu: unatembea na mwenyeji, unaomba ruhusa shamba kwa shamba, unawasha GPS, unapiga picha ya kila mahali kilima kilipokatwa. Zile zigizaga hasa ndo nazitaka, maana ndo mahali barabara na reli zinaachana kabisa, na kama kuna kipande hata cha kilomita mbili ambacho tuta bado liko wazi na kijiji kinakubali, baiskeli zinaweza kupita mle badala ya kupanda kile kilima kwa barabara, na kijiji kikauza chai. Tumeshaongea na mzee, amekubali kutembea na sisi mwezi wa pili majani yakiwa chini, kutoka Kisiwani kwenda upande wa Tengeni, kwa miguu, baiskeli tutaziacha kwake.